Kitisho cha Kukosa Neno



Tangu nistaafu ualimu nimepata wasaa wa kuzitazama upya filamu za zamani za kutisha, pamoja na zile za kidistopia, yaani zinazobuni dunia ya kesho iliyoharibika. Wenzangu wengi huziona kuwa upuuzi wa vijana: damu, mayowe na majitu ya ajabu. Naomba kuipinga rai hiyo. Zilizo bora miongoni mwazo zina habari nzito kuhusu lugha, na kitisho chake kikubwa ni binadamu kunyang'anywa maneno. Mshairi anayezipuuza anajinyima funzo linalomhusu hasa yeye.

Tuanze na Frankenstein. Katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti ni msemaji hodari. Hujificha kando ya nyumba ya familia moja, akajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta, kisha akasoma vitabu na kujitetea kwa ufasaha mbele ya aliyemuumba. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 ilimpoka ulimi. Boris Karloff, aliyemwigiza, hatamki neno hata moja. Hunguruma na kunyoosha mikono tu. Watazamaji hukumbuka paji lake la uso na vile vyuma vya shingoni. Mimi hukumbuka kwamba hana njia ya kueleza lililo moyoni mwake wakati kijiji kizima kinamwinda kwa mienge.

Miaka 4 baadaye Whale alitengeneza Bride of Frankenstein. Humo, mzee kipofu aishiye peke yake msituni anamkaribisha kiumbe yule na kumfundisha maneno machache: mkate, kinywaji, rafiki, wema. Kwa muda mfupi jitu linageuka kuwa mgeni wa nyumba. Kisha wanaingia wawindaji wenye macho mazima, wanaona jitu tu, na darasa linavunjika.

Jean-Luc Godard alikwenda mbali zaidi katika Alphaville ya mwaka 1965. Filamu hii haina vyombo vya angani wala majengo ya kubuni: mji wa kesho ni Paris ileile ya wakati huo, iliyopigwa picha usiku. Mji unatawaliwa na kompyuta iitwayo Alpha 60. Hotelini kuna kitabu kinachoitwa Biblia, kumbe ni kamusi, nayo hubadilishwa kila mara ili maneno yaliyopigwa marufuku yaondolewe. Kulia ni mojawapo ya yaliyofutwa, na mtu aliyemlilia mkewe aliyefariki anauawa. Wakazi hujibu kwamba hawajambo, wakashukuru, hata pale ambapo hakuna aliyewajulia hali. Natacha, anayeigizwa na Anna Karina, halijui neno dhamiri wala neno kupenda. Anaanza kuzinduka anapokisoma kitabu cha mashairi cha Paul Éluard. Na mgeni wa mji, Lemmy Caution, anaishinda kompyuta kwa silaha ambayo bibi zetu wanaijua vyema: anaitegea kitendawili. Mashine iliposhindwa kukitegua haikutoa mji mmoja, kama ilivyo desturi yetu. Iliupoteza mji wote.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Sisi wapenzi wa lugha hujivunia kamusi, na ni haki yetu. Lakini neno linaweza kuwamo kamusini na bado likawa limekufa. Katika miaka yangu ya mwisho ya kusahihisha insha, niliona majonzi, simanzi, jitimai na kihoro yakimezwa na kauli moja: "najisikia vibaya." Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi na mwanafunzi aliyenyimwa ruhusa ya kwenda mjini waliandika sentensi ileile. Hakuna kompyuta iliyoyafuta maneno hayo, na kamusini yamo hadi leo. Yametoka vinywani, basi, na yule mtoto aliyefiwa akabaki na msiba usio na jina.

Dawa nimeiona katika filamu ya tatu, Fahrenheit 451 ya François Truffaut, ya mwaka 1966, iliyotokana na riwaya ya Ray Bradbury. Kazi ya zimamoto humo ni kuchoma vitabu. Filamu inapoanza, majina ya waigizaji hayaandikwi; yanasomwa kwa sauti huku tukionyeshwa antena za televisheni juu ya mapaa. Hata gazeti alisomalo Montag, mhusika mkuu, ni picha tupu. Mwishoni anawakimbilia watu waishio msituni, ambao kila mmoja amehifadhi kitabu kizima moyoni na kujiita kwa jina la kitabu hicho. Mzee mmoja aliye mahututi anamfundisha mtoto kitabu chake, sentensi kwa sentensi. Theluji inapoanguka, mtoto anakisoma kwa ghibu.

Kwetu jambo hilo si bunilizi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Sehemu kubwa ya mashairi yake ilibaki vifuani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kuyaandika. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya malenga kufariki. Kama watu wa Mombasa wasingeyahifadhi, leo tusingekuwa na cha kuchapisha.

Najua nitajibiwa kwamba kukariri ni adui wa elimu. Neno hilo limekuwa tusi katika vyuo vya ualimu, na nakubali kwamba mtoto anayeimba kanuni asiyoielewa hajafunzwa kitu. Lakini shairi si kanuni. Ukilihifadhi shairi, unahifadhi pia pumzi yake, mizani yake na neno ambalo hujalihitaji bado. Siku msiba utakapobisha hodi, neno litakuwa tayari mdomoni, wala hutalazimika kulitafuta kamusini.

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo. Kila mmoja wetu achague shairi moja la mtunzi mwingine, si lake mwenyewe, alihifadhi lote kabla mwezi haujaisha, kisha amfundishe mtoto mmoja wa nyumbani kwake. Mtoto akiuliza jitimai ni nini, msimpe kisawe. Mwelezeni ni nani aliyekuwa nayo, na siku gani.