Makocha wa shule, mwacheni refa apulize filimbi

JUMAMOSI moja ya muhula uliopita nilikuwa miongoni mwa watu waliojazana kuzunguka kiwanja cha saruji cha shule moja huku kusini mwa Burundi, si mbali na barabara iendayo mpakani Mugina. Ilikuwa mechi ya mpira wa kikapu ya wavulana, shule mbili jirani, robo ya nne, tofauti ya pointi tatu tu. Kijana wa timu ngeni alikimbia kuelekea kikapuni, akamkumba mlinzi aliyekuwa amesimama, wote wawili wakaanguka. Refa akapuliza: faulo ya mshambuliaji.

Kocha wa timu hiyo ngeni, mwalimu mwenzangu ambaye namheshimu kwa mengi, alitoka kwenye benchi lake. Akatembea na refa sambamba, upande mzima wa kiwanja, mpira ukiwa umekwisha kurudi mchezoni, akimsemesha kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Kwanza alimwita kipofu. Kisha akamuuliza amekula faranga ngapi. Mwisho akatamka neno ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu: "Wewe Mtanzania, nenda kapulize filimbi huko kambini kwenu!"

Watu walicheka. Hata sisi tuliorudi tulicheka, au tulijifanya kucheka, maana kwenye umati kama ule anayenuna ndiye anayegeuziwa macho. Refa mwenyewe ni kijana aliyezaliwa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, akarejea na wazazi wake kambi hiyo ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Hakucheka wala hakujibu. Pia hakumpa kocha adhabu yoyote.

Baada ya mechi nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayeshangaa swali la mtoto. "Mwalimu," alisema, "Jumamosi ijayo nachezesha shuleni kwake. Yeye ndiye anayenipa nauli."

Naomba wasomaji wanivumilie, hasa wale wanaoona mpira wa shule ni mambo ya watoto. Mimi nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wangu walifikia baada ya machafuko ya mwaka 1972. Nilisoma hukohuko, darasa la kwanza hadi sekondari, kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza, na nilirejea mwaka 2009 nikiwa mtu mzima asiyejua Kifaransa hata cha kuombea maji. Mpira wa kikapu niliujulia sekondari. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mkali, lakini ukali wake hakuupeleka kwa refa. Alikuwa na sheria moja: mwenye mdomo uwanjani ni nahodha. Nilipochaguliwa kuwa nahodha aliniita pembeni akaniambia, "Ukitumwa kwa refa, mikono weka nyuma. Kaulize, usiende kubishana. Ukipata jibu, rudi utuambie alichosema, si unachokitaka wewe."

Wakati ule nilidhani ni ukoloni wa mwalimu mzee. Baadaye ndipo nilipojua kuwa alikuwa akifuata kanuni. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, zinasema nahodha ndiye anayewakilisha timu uwanjani, na anaweza kuzungumza na waamuzi kwa adabu ili kupata maelezo, tena pale tu mpira unapokuwa umekufa na saa imesimama. Kati ya kocha na msaidizi wake, anayeruhusiwa kusimama ni mmoja kwa wakati mmoja, na mahali pake ni eneo la benchi. Kusindikizana na refa hadi upande wa pili wa kiwanja hakumo. Kocha akikosa adabu yeye mwenyewe, hupewa faulo ya kiufundi, na wapinzani hupata mtupo mmoja huru. Akipata ya pili ya namna hiyo anaondoshwa, anakwenda chumba cha kubadilishia nguo au anatoka kabisa kwenye jengo. (Shule zetu nyingi hazina jengo wala hicho chumba. Basi na aende akakae chini ya mwembe nyuma ya madarasa.)

Na timu ikiona imedhulumiwa kweli, njia ipo: nahodha anamwarifu mwamuzi mkuu, kabla ya dakika 15 kupita tangu mechi kuisha, kwamba timu yake inapinga matokeo, na anatia saini kwenye karatasi ya mechi. Mtoto wa miaka 17 anatia saini. Sijaona jambo la kumkomaza mwanafunzi kuliko hilo.

Aliyebuni mchezo huu alikuwa mwalimu kama sisi, James Naismith, huko Springfield katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Desemba mwaka 1891. Kanuni zake za mwanzo zilikuwa 13. Zinamtaja mwamuzi wa kuangalia wachezaji, zinamtaja mwamuzi wa kuangalia mpira, zinawataja hata manahodha. Kocha hatajwi popote. Huko Marekani kwenyewe, hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 kocha hakuruhusiwa hata kuzungumza na wachezaji wake timu ilipoomba mapumziko. Walikuwa wakijishauri wenyewe. Sisi makocha tulikaribishwa baadaye sana, na tumejifanya wenye nyumba.

Hata hivyo tusidanganyane. Kocha anayepiga kelele hapigi bure. Kila aliyekaa kwenye benchi anajua hesabu yenyewe: unalalamika mapema kwenye robo ya kwanza, si kwa ajili ya faulo iliyopulizwa, ambayo haitarudishwa, bali kwa ajili ya ile itakayokuja robo ya nne. Refa ni binadamu, anapenda kuonekana hapendelei. Kuna utafiti wa mechi za vyuo vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliobaini kwamba kadiri timu moja inavyoizidi nyingine kwa idadi ya faulo, ndivyo faulo inayofuata inavyoelekea zaidi kupulizwa dhidi ya ile yenye faulo chache. Wale walikuwa waamuzi wenye mafunzo, wanaolipwa vizuri. Seuze kijana wetu mwenye filimbi ya kuazima. Kwa hiyo kocha anayemsonga refa anapata faida, nakubali. Ninachouliza ni nani anayelipa gharama yake.

Nitajibu kwa kosa langu mwenyewe, maana si haki nimseme mwenzangu peke yake.

Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha timu ya wasichana. Mechi ilichezeshwa na dada mmoja, yeye mwenyewe alikuwa amemaliza sekondari miaka michache kabla, na alikuwa mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa wakipuliza filimbi upande wetu. Kipindi cha pili alipuliza mara tatu kwamba mchezaji wangu mrefu anatembea na mpira. Mara ya tatu nililipuka. Sitayaandika hapa niliyoyasema, kwani gazeti hili linasomwa na wanafunzi wangu, ila yalihusu macho yake na jinsia yake. Aliunganisha mikono yake, kiganja juu ya vidole, ile alama ya faulo ya kiufundi. Wapinzani wakapewa mtupo mmoja huru, ukaingia. Tulipoteza kwa pointi moja.

Kwa wiki nzima nilitembea nikisema refa katuibia mechi. Hadi nahodha wangu, binti mpole wa darasa la mwisho, alipobaki darasani baada ya kipindi na kuniambia, "Mwalimu, nilikuwa nimekwisha kumuuliza. Alisema mwenzetu anauinua mguu wa egemeo kabla ya kudunda. Nilikuja kukuambia, lakini ulikuwa unapiga kelele."

Yaani jibu lilikuwepo. Binti alikwenda, akauliza kwa adabu, akajibiwa, akarudi nalo kwenye benchi, akakuta mtu mzima aliyetakiwa kulisikiliza hana masikio. Tungeweza kumrekebisha mchezaji wetu mguu pale pale. Pointi iliyotushinda niliifunga mimi, nikiwa nje ya kiwanja.

Yule dada hakuchezesha tena. Wengine walisema ameolewa, wengine wakasema ana biashara ya vitenge, na yote yanaweza kuwa kweli, lakini nami najua nilichokifanya. Waamuzi walipopungua, mechi za wasichana ndizo zilizoanza kuahirishwa, kwa kuwa refa mmoja akipatikana anapelekwa kwanza kwa wavulana. Muhula uliofuata timu yangu ilicheza mara mbili tu. Ndiyo gharama niliyokuwa nikiiulizia.

Na gharama nyingine haionekani kwenye ratiba. Wengi wetu tuliorejea tunaijua hali ya kuketi mbele ya mtu mwenye uamuzi mkononi. Tumeketi mbele ya bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, na mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006, kwa ajili ya viwanja vya baba zetu vilivyokuwa vimelimwa na wengine kwa miaka zaidi ya 30. Tumeona wanaotoka pale wakiwa wamepata na wanaotoka wakiwa wamekosa, na tumeona pia ugomvi unavyoanza mtu anapoamini kwamba kila uamuzi usiompendeza umenunuliwa. Watoto wa pande zote mbili, wa waliorudi na wa waliobaki, wanavaa jezi moja. Wakimsikia mwalimu wao akimwambia refa amekula fedha, tena ni Mtanzania arudi kambini, wamefundishwa mambo mawili kwa sentensi moja. Jumatatu mwalimu huyohuyo anaingia darasani kufundisha somo la uraia.

Wafanyabiashara wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na Kasulu hawahitaji kuelezwa na mimi. Mama mwenye magunia ya maharage hamtukani ofisa wa forodha dirishani, hata anapoona ameonewa. Anauliza ni kifungu gani, anaomba stakabadhi, akishindwa anamtafuta mkubwa wake. Wapo wanaopitisha kitu kidogo chini ya karatasi, hilo tunalijua, na hata kwenye viwanja vyetu lipo, kwa jina la Fanta na mishikaki anayokaribishwa refa na shule mwenyeji kabla ya mechi. Ninachosema ni kwamba mama yule anajua tofauti ya kudai haki na kupiga kelele, na anajua ni ipi kati ya hizo inayoyafikisha magunia sokoni.

Hapa ndipo penye shina la tatizo letu, naliweka wazi. Refa anayelipwa na kocha hawezi kumwadhibu kocha. Kijana wa Mtabila hakushindwa kanuni; anazijua kuniliko. Alishindwa na nauli. Kwa utaratibu tulionao katika shule zetu za huku, shule mwenyeji ndiyo inayomlipa refa, mara nyingi kwa mkono wa mwalimu wa michezo mwenyewe, na mara nyingi baada ya mechi, matokeo yakiwa yamekwisha kujulikana. Timu mwenyeji ikishindwa, bahasha huwa nyembamba. Nimeona kwa macho yangu refa akiambiwa arudi wiki ijayo kuchukua haki yake.

Napendekeza fedha hiyo ichangwe na shule zote mwanzoni mwa muhula, itunzwe na msimamizi wa michezo ya shule wa tarafa, na refa apewe kabla ya mpira kurushwa juu. Si fedha nyingi kuliko tunayoitoa sasa, ni ileile ikipita mlango mwingine. Kisha refa aambiwe, mbele ya makocha wote wakiwa wamekaa, kwamba faulo ya kiufundi kwa kocha hatoidaiwa maelezo na mtu yeyote. Na neno linalogusa mahali mtu alikotoka au alikozaliwa lisisubiri la pili. Kanuni zinamruhusu mwamuzi kumtoa mtu moja kwa moja kwa utovu wa adabu uliopita kiasi, na kama hilo halijapita kiasi, basi sijui kiasi ni kipi.

Mwalimu mwenzangu niliyemtaja nimemwonyesha makala hii kabla ya kuituma. Alisoma hadi mwisho, akasema nimemwonea, kwani ile haikuwa faulo ya mshambuliaji, mlinzi alikuwa bado anasogea. Inawezekana. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kiwanja. Nilimuuliza kama nahodha wake alikwenda kuuliza. Akasema hakumbuki. Mkutano wa walimu wa michezo utafanyika kabla muhula haujafunguliwa, na hoja ya malipo ya waamuzi nitaipeleka kwa maandishi. Amekubali kutia saini yake chini ya yangu, kwa sharti kwamba ile sehemu ya Fanta na mishikaki nayo iandikwe, kwa maana anasema shule yangu ndiyo hodari zaidi. Nimeiandika.