Wifi Anataka Muhimbili

Mwezi huu tuache kidogo habari za nani kamnunia nani kwa sababu ya meseji. Kuna ugomvi mwingine ambao naamini umo kwenye nyumba nyingi za vijana wenye kazi hapa mjini, ila hatuusemi: ugomvi wa kumtafutia chuo mdogo wenu.

Kwangu ulianza Julai ya mwaka jana, siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alisoma PCB. Akapata Divisheni II ya pointi 10: Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Kule Buguruni vigelegele vikapigwa, pilau likapikwa, na kabla sahani hazijaoshwa mtoto ameshaitwa daktari. Daktari wa Muhimbili, siyo wa kwingine. Mume wangu akanigeukia mbele ya watu wote: "Wewe ndiyo mtu wa makaratasi, hebu mwambie mama, anapata hapati?"

Jamani, wifi mtu unajibu nini hapo? Nikasema, "Sifa anazo." Ulikuwa ukweli, lakini nusu yake, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuja kuninyima usingizi.

Maana sifa kweli alikuwa nazo. Kwa udaktari wanataka mtu awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla alama 6. Na hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu matokeo yale yale yanahesabiwa mara mbili, tena kinyumenyume. Kwenye divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye bingwa. Kwenye udahili wa chuo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na hapo mwenye nyingi ndiye bingwa. Mwenye A tatu ana 3 huku na 15 kule. Wifi alikuwa na 10 huku na 8 kule. Mume wangu alipoipata hiyo 8 alifurahi kama mtu aliyefunga goli: "Wanataka 6, yeye ana 8, kawazidi mbili. Sasa wewe unaogopa nini?"

Nilichokuwa naogopa ni foleni. Hiyo 6 inakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Majina yanapangwa kuanzia alama za juu kushuka, mpaka nafasi ziishe. Sasa fikiria ni watoto wangapi wa PCB nchi nzima, wenye 13 na 14, wanaoitaka Muhimbili hiyo hiyo, chuo kilichoanza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na ambacho kila mzazi analijua jina lake. Kitabu cha mwongozo cha TCU huonyesha kila kozi ina nafasi ngapi. Ukishaiona hiyo namba, mtafute mtoto wa jirani aliyeingia mwaka uliopita, umuulize yeye alikuwa na ngapi, na mwenzake wa chini kabisa anayemfahamu alikuwa na ngapi. Mimi nilimpata mmoja. Jibu lake nikakaa nalo moyoni siku mbili.

Siku ya tatu tukaenda Kariakoo, kwenye duka la stesheneri wanakojazia watu fomu. Hiyo nayo ni biashara kubwa siku hizi, maana tangu 2017 ule mfumo wa TCU wa kuombea vyuo vyote mahali pamoja, ulioanza 2010, haupo tena. Unaomba chuo kwa chuo, na kila chuo na ada yake. Nikasema tuombe vitatu, na tuweke uuguzi na maabara pia. Mume wangu akasema chuo kimoja, kozi moja. "Ukimwekea za chini unamwombea mabaya." Yule kijana wa kompyuta akajifanya anatafuta kipanya.

Tukarudi kwa miguu kuelekea Mnazi Mmoja, hatusemeshani. Tulipofika Mtaa wa Lumumba nikakumbuka kwamba chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianzia pale pale, kwenye jengo la TANU, Oktoba 1961, na wanafunzi 13 wa sheria. Kumi na watatu! Nikataka kumwambia mume wangu, nikaona uso wake, nikaacha.

Awamu ya kwanza ilipotoka, jina halikuwepo. Mama mkwe hakupokea simu yangu wiki nzima, kama vile mimi ndiye niliyelifuta. Usiku mmoja wifi akanikuta jikoni. Akasema taratibu, "Wifi, mimi mwenyewe naijua D yangu ya Fizikia. Nilikuwa nasubiri mtu mkubwa aseme, mimi nitamwambiaje mama?" Nilijisikia vibaya, we acha tu. Mtoto alikuwa amebeba peke yake kitu ambacho watu wazima watatu tulikuwa tunakijua, au tungeweza kukijua kwa kalamu na karatasi.

Kilichotuokoa ni awamu ya pili. Mtoto mwenye A mbili na B anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu kwa mpigo, lakini lazima athibitishe kimoja tu. Akishathibitisha, kule kwingine panabaki wazi. Safari hii tulikaa mezani wote watatu. Wifi ndiye aliyeshika kalamu. Aliandika udaktari kwenye chuo kimoja cha binafsi, akapiga hesabu ya ada, akaufuta mwenyewe, kwa sababu kupata chuo na kupata mkopo wa Bodi ni milango miwili tofauti. Halafu akaandika uuguzi kwenye vyuo viwili vya mikoani. Mume wangu alinyamaza, akatoa hela ya maombi bila kuulizwa.

Alipata uuguzi. Mwaka wa kwanza ameumaliza salama, na likizo hii alipokuja alimpima mama yake presha mbele ya majirani. Mama mkwe bado anamwita daktari, na hakuna anayemsahihisha.

Juzi Jumapili tulikuwa Buguruni tena. Mtoto wa shemeji amechaguliwa kuingia kidato cha tano, PCB. Mama mkwe akasema, "Huyu sasa ndiye wa Muhimbili." Mume wangu akanitazama. Nikamwambia yule mtoto asogeze kiti, anisaidie kumenya vitunguu, tuongee.