Zahanati Isiyo na Dawa Inakula Mshahara Wetu



Siku ya mshahara mwezi uliopita nilikaa nje ya ofisi ya malipo ya shamba moja la miwa huku Busoga, nikiandika majina ya wanachama wapya. Mkata miwa mmoja, mwenyeji wa West Nile, akatoka na karatasi yake mkononi na pesa kidogo mno. Nilidhani amekatwa kwa kosa la kazi. Kumbe alikuwa amechukua mkopo wa mshahara mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza mke wake alikwenda kujifungua kule nyumbani, akaambiwa alete glavu, pamba, wembe na shiti ya plastiki ya kulalia. Mara ya pili mtoto alishikwa na malaria, zahanati haikuwa na dawa, zikanunuliwa dukani, na bodaboda ya kumfikisha hospitali ya wilaya ikawa juu yake.

Ada za matibabu katika vituo vya serikali ya Uganda zilifutwa mwezi wa Machi 2001, na tunashukuru, maana watu wengi maskini walianza kwenda kutibiwa ambao zamani walikuwa wakifia majumbani. Lakini bure bila dawa si bure. Gharama iliyoondolewa kwenye dirisha la karani imehamia kwenye bahasha ya mshahara wa ndugu huyu, maili mia kadhaa kutoka kwenye zahanati yenyewe.

Naandika haya kwa sababu katika mikutano yetu ya tawi husikia neno hili: "Mambo ya Karamoja na West Nile ni ya wanasiasa wa huko. Sisi tudai mshahara." Mimi nasema kwamba hayo ndiyo mambo ya mshahara.

Tazameni historia. Wakati wa mkoloni, pamba, kahawa na miwa viliwekwa Buganda na Busoga. Wilaya za mbali kama West Nile zilihesabiwa kuwa ghala la vibarua. Serikali ya miaka ya 1920 haikutaka kilimo cha biashara kistawi sana kule, kwa kuwa mtu mwenye pamba yake shambani hatapanda lori kwenda kukata miwa ya mwingine. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa hapa Jinja, viwanda vikalifuata. Mto ni huo huo, Nile, na unapita kule kwao pia. Lakini West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Hesabuni wenyewe: miaka 70. Katika miaka hiyo yote nani angejenga kiwanda kikubwa Arua, kwa umeme wa jenereta? Vijana wakapanda basi.

Na wakishuka kwenye basi ndipo sisi tunapoumia. Kila mara tunapokaa mezani kudai nyongeza, mwajiri hana haja ya kubishana sana. Nyapara mmoja alituambia wazi: "Asiyetaka lango liko wazi, basi la Arua linaingia kesho asubuhi." Njaa ya kule ndiyo fimbo ya huku. Na sheria haitulindi, maana kima cha chini cha mshahara kilichomo katika sheria ya Uganda ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Naam, kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akaurudisha bila kuutia saini.

Msinielewe vibaya. Sisemi ndugu zetu wa kaskazini wazuiwe kuja, na mwanachama atakayesema hivyo nitambishia hadharani. Wala sisemi Busoga ni peponi. Busoga pamoja na viwanda vyake vyote ina umaskini uliozidi wastani wa nchi, na vijiji vinavyozunguka mashamba ya miwa vina watoto wenye utapiamlo. Kuwa karibu na bomba la moshi la kiwanda si kuwa na chakula.

Lakini tofauti zipo na ni kubwa. Utafiti wa kaya wa 2019/20 ulikuta watu kama 20 katika kila 100 nchini wako chini ya mstari wa umaskini. Karamoja na Acholi walikuwa zaidi ya 60 katika kila 100. Wenzetu wa kiwanda cha saruji Tororo wanajua mawe ya chokaa yanatoka wapi. Malori yanashuka kutoka Moroto yamejaa. Thamani inaongezwa Tororo, na Moroto panabaki shimo na vumbi.

Serikali imefanya nini? Imefanya mengi, lakini mawili yamekuwa ya hasara kwetu.

La kwanza ni kugawa wilaya. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Kila mara watu wanaambiwa kwamba huduma sasa zimesogea karibu. Kilichosogea ni ofisi ya mwenyekiti, gari la mwenyekiti, posho za madiwani na ukuta mpya wenye kibao. Mkunga ni yule yule mmoja, na sasa wanagombaniwa na wilaya mbili.

La pili ni miradi ya pekee inayoendeshwa kutoka Kampala. Baada ya vita vya kaskazini ulianzishwa mwaka 2007 mpango wa amani na ufufuaji. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha jinsi fedha za mpango huo zilivyoingizwa katika akaunti za watu binafsi kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, na nchi wafadhili kadhaa zikasimamisha misaada yao. Mwaka 2023 yakaja mabati. Yalinunuliwa kwa ajili ya wananchi wa Karamoja, yakaonekana mikononi mwa wakubwa, na mawaziri wakapandishwa kizimbani. Fedha ya hisani haina mwenye kuidai. Ikipotea, maskini hawezi kusema "yangu iko wapi," kwa sababu hakuambiwa kiasi chake.

Ndiyo maana nataka turudi kwenye sheria. Katiba ya 1995, kifungu cha 193, inataja ruzuku ya kusawazisha. Inasema ruzuku hiyo italipwa kwa wilaya zilizo nyuma, na kipimo chake kitakuwa jinsi wilaya ilivyoachwa nyuma ya wastani wa taifa katika huduma fulani. Someni tena maneno hayo. Haisemi idadi ya wapiga kura, wala wilaya ambayo waziri anatoka. Kama wastani wa taifa ni wakunga kadhaa kwa kila akina mama elfu, na wilaya fulani ina nusu yao, pengo hilo ndilo linalipwa. Ni haki inayopimika kwa rula. Ruzuku hiyo ilianza kutolewa mwaka 1999/2000 lakini ilikuwa ndogo sana, na katika mageuzi yaliyofuata iliunganishwa na ruzuku nyingine za maendeleo. Neno "kusawazisha" limebaki katika jina. Tunataka libaki katika fedha.

Jirani zetu Kenya waliandika kiwango kabisa. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 204, inatenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Fedha zilichelewa miaka mingi na mambo yakafika mahakamani. Lakini angalau Mturkana anajua anadai kiasi gani, na kudai kunaanzia hapo. Sisi nasi tuandike kiwango.

Na fedha zikitoka, zibandikwe ukutani. Jambo hili Uganda tulikwisha lijaribu. Wachunguzi walipofuata ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995 walikuta kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotengwa shule zilipata 13. Serikali ikaanza kutangaza kiasi cha kila wilaya magazetini, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufika mwaka 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya 80. Karatasi moja na gundi! Kila zahanati ibandike dawa zilizopokelewa, tarehe na idadi, kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma.

Kuhusu wauguzi: tangu 2010 watumishi wa serikali katika sehemu ngumu kufikika wamewekewa nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Ni jambo jema, lakini muulizeni muuguzi yeyote aliyewahi kupangiwa kule, atawaambia kwamba kwanza anataka nyumba yenye mlango unaofungika, maji, na shule ya watoto wake. Mimi ningesimamisha kujenga zahanati mpya kwa miaka michache, fedha zote ziende kwenye nyumba za wafanyakazi na dawa za zahanati zilizopo. Najua nitapingwa na wakandarasi.

Sasa kazi yetu. Wafanyakazi tunao wabunge watano katika Bunge la Uganda kwa mujibu wa sheria. Desturi yetu ni kuwapelekea malalamiko mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa kwenye redio. Wakati huo chakula kimekwisha pakuliwa. Mapendekezo ya bajeti hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Desemba, na Bunge huyapitisha kabla ya mwisho wa Mei. Dai la ruzuku ya kusawazisha liwe mikononi mwa wabunge hao kabla ya Desemba.

Tawi letu limeanza hivi: kila mwanachama anayetuma pesa ya matibabu nyumbani anamwambia katibu wa tawi kiasi, wilaya, na kitu kilichokosekana zahanatini. Hakuna jina linaloandikwa. Daftari limejaa kurasa sita katika majuma matatu. Matawi mengine, ya chai, ya saruji, ya mawese kule Kalangala, yafungue daftari kama hilo na kutuletea hesabu zao kufika mwisho wa Oktoba, ili tuzijumlishe pamoja.