Unavuliwa Mshipi JKIA, Lakini Nani Anamkagua Anayekukagua?

Kila mtu aliyewahi kusindikiza msee JKIA anajua hii drama. Gari lilikuwa likifika kwa kizuizi, abiria wote mlikuwa mkishushwa, mnapita kwa mashine kwa miguu, dereva anasonga na gari, mnakutana mbele. Ukifika mlangoni unaanza upya: viatu, mshipi, laptopu, hadi sarafu za mfukoni. Unapekuliwa mpaka unaanza kujishuku mwenyewe.

Sawa. Kupekuliwa sina shida nako. Shida yangu ni swali ambalo karibu hakuna mtu huliuliza: sisi tunakaguliwa na wao, je, wao wanakaguliwa na nani?

Tarehe 30 Juni 2019, ndege ya Kenya Airways ilitoka Nairobi ikienda London. Ikikaribia kutua Heathrow, mwili wa mwanamume ukaanguka kutoka kwa nafasi ya magurudumu, ukatua kwa bustani ya nyumba moja mtaa wa Clapham, karibu kabisa na mtu aliyekuwa anaota jua. Ndani ya nafasi ile walipata begi, maji na chakula kidogo. Runinga moja ya Uingereza ilitoka na jina lake, kisha ikaifuta habari yenyewe baada ya kubainika si kweli. Akazikwa huko huko bila jina.

Januari 2022, kijana Mkenya wa miaka 22 akapatikana Schiphol, Amsterdam, akiwa hai, kwa nafasi ya gurudumu la ndege ya mizigo iliyotoka Johannesburg ikapitia Nairobi. Kama alipandia hapa, tulimwachilia. Kama alipandia kule, basi ndege ilisimama kwetu ikiwa na mtu amejificha chini yake na hakuna aliyemwona. Chagua jibu unalotaka, yote mawili ni mabaya.

Hawa ni watu wa rika letu, na kabla ya yote naomba tuwaomboleze na kuwahurumia. Mtu hapandi kwa magurudumu ya ndege kwa sababu maisha yake ni matamu. Lakini pia jiulize hivi: kama kijana aliyekata tamaa, na begi lake la chakula, anaweza kufika chini ya ndege kubwa bila kuonekana, mtu mwenye nia mbaya atazuiwa na nini? Mshipi wako?

Na usiniambie vitisho ni vya sinema. Tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili yalirushiwa ndege ya Arkia ikipaa kutoka Mombasa ikiwa na abiria zaidi ya 250. Yalikosa. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Kikambala ililipuliwa, Wakenya 10 na Waisraeli 3 wakafa. Tunajua gharama.

Sasa, sheria ziko. Mkataba wa Chicago wa 1944 una Kiambatisho cha 17, kinachohusu kulinda ndege dhidi ya watu wabaya. Kinataka kila nchi iwe na mpango wa kitaifa wa kuhakikisha ulinzi huo unafanya kazi kweli: ukaguzi, tathmini, na majaribio, yaani mtu anatumwa kujaribu kupenya ili tuone kama atanaswa. Na kinataka wanaosimamia ukaguzi huo wawe huru, wasiwe wale wale wanaofanya kazi inayokaguliwa. ICAO nayo hukagua mataifa yenyewe, mpango ulioanza 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani.

Kwenye karatasi ni poa. Hapa kwetu, KCAA ndiyo inasimamia, na KAA ndiyo inaendesha viwanja. Lakini zote mbili ziko chini ya wizara moja. Tena KCAA yenyewe ni mdhibiti na bado ndiyo inatoa huduma ya kuongoza ndege angani. Yaani refa ana jezi mkobani. Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Sisi tumempa wembe na kioo, tunangoja atuambie ametoka smati.

Mnajua ukaguzi wa Kenya unavyokaa. Mkaguzi akija shule, madirisha yameoshwa tangu Jumatatu. Mathree ikienda kukaguliwa, mikanda ya viti inatokea ghafla, kesho yake imepotea. Ukaguzi uliopigiwa simu mapema ni maigizo, na maigizo hayamzuii mtu.

Ushahidi kwamba vitu havijaribiwi vilivyo? Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima, na JKIA ikakaa gizani kwa sababu jenereta ya akiba iligoma kuwaka. Bosi wa KAA akafutwa. Desemba mwaka huo huo, giza tena. Jenereta inayojaribiwa kama hali halisi haikushtui usiku wa shida. Kama stima tu ilitushinda kujaribu vizuri, mnataka niamini geti la nyuma la mizigo linajaribiwa?

Kuna watu watasema: wewe, haya mambo ni siri ya usalama, ukianika matokeo unawafundisha magaidi. Hoja hii naiheshimu, ina ukweli ndani. Hakuna anayetaka ramani ya mashimo ya ua iwekwe mtandaoni. Lakini kuna tofauti kati ya kuficha shimo liko wapi na kuficha kwamba kuna shimo na hakuna aliyeliziba. Hiyo ya pili inalinda vyeo, hailindi abiria. Si ndio maana watu huiita siri-kali?

Tazama Marekani 2015. Wakaguzi wao wa ndani walituma watu kwa siri na silaha na mabomu ya bandia kupitia viwanja vya ndege. Majaribio 70, walinzi wakashindwa 67. Habari ilipovuja, kaimu mkuu wa TSA aliondolewa kwenye kiti, na ikaamriwa taratibu zipitiwe upya. Ilikuwa aibu, lakini kumbuka kwanza mtu alijaribu, akahesabu, akaandika. Anayefeli mtihani unaweza kumsaidia. Asiyefanya mtihani utamsaidiaje?

Kwa hivyo nataka vitu vitatu. Moja, majaribio ya kushtukiza yafanywe na watu wasiotoka KAA wala wizarani, na yaanze na mageti ya wafanyakazi na mizigo, si foleni ya abiria peke yake. Mbili, kila mwaka tuambiwe namba tu: majaribio mangapi, yaliyofeli mangapi, yaliyorekebishwa kwa wakati mangapi. Bila kutaja uwanja wala geti. Ripoti kamili wabunge waisome faraghani. Tatu, KCAA igawanywe: mdhibiti abaki mdhibiti, kuongoza ndege kuende kwa shirika lingine.

Na usijidanganye kwamba hii ni story ya matajiri. Dadako anayeenda kazi Saudia anapita hapo. Maua ya Naivasha yanapita hapo. Watalii wanaolipa mishahara ya hoteli za Diani wanatua kwa viwanja vinavyolindwa na mfumo huo huo. Siku mataifa mengine yataamua hayaamini geti letu, watakaoachwa bila kazi ni sisi, si waziri.

Mbunge wako ana simu, na ana akaunti. Muulize swali moja: ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu kupenya JKIA kwa niaba yetu, na matokeo yalikuwa gani? Akikwambia ni siri, muulize kama yeye mwenyewe ameyasoma.