Kabla ya Kizimba, Aitwe Daktari

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu aliingia darasani, hapa Mbeya, amevaa miwani ya jua. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Baada ya kipindi nilimwita ofisini.

"Shikamoo Dokta. Nilipigana Jumamosi. Nilipigwa kidogo tu."

Hicho "kidogo" kilikuwa hivi: alifanya mazoezi kwa wiki sita, akaingizwa ulingoni katika ukumbi wa baa, akapigwa pigo la taya, akapoteza fahamu. Daktari hakuwapo. Alipozinduka alipakiwa kwenye bodaboda hadi hosteli, na usiku akatapika mara mbili. Aliahidiwa shilingi 100,000, akapewa 40,000. Nilipokuwa nikimpeleka hospitali simu yake iliita. Promota alikuwa na pambano jingine, baada ya wiki tatu.

Katika nchi ambazo mchezo huu unasimamiwa kwa makini, aliyeangushwa namna ile husimamishwa kwa siku 60 au 90, tena haruhusiwi hata mazoezi ya kupigana. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, kijana anaweza kufa kwa pigo ambalo siku nyingine lingemfanya acheke.

Wapo mtakaosema basi upigwe marufuku. Wanaharakati wawili wameshaniandikia hivyo. Siwaungi mkono. Mapigano haya mseto, ambayo vijana huyaita MMA, hayataondoka Mwanjelwa wala Kihesa kwa amri. Yatahamia ukumbi mdogo zaidi, wenye taa hafifu zaidi. Nami naupenda mchezo wenyewe. Nilicheza judo enzi za chuo, kiuno changu kikiwa bado chembamba, na najua unavyoweza kumtuliza kijana kuliko mihadhara yangu.

Ninachokipinga ni uongo kwamba mtu huanza kwa kupigana. Mtu huanza kwa kuanguka. Miezi ya kwanza ni ya kujifunza kufika chini bila kuvunja mkono wala kugonga kisogo, jambo ambalo wacheza judo wa Zanzibar, waliofundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, wangewaeleza vizuri kuliko mimi. Kisha kuna kazi tatu ndani ya mchezo mmoja: kupiga, kukamata na kuangusha, kupambana chini. Bondia hodari asiyejua ya tatu hukabwa shingo na kuzimia kwa sekunde chache, na asipofundishwa kugonga mkeka mapema ili kukubali kushindwa, atadhani kuvumilia ndiyo uanaume. Glovu zake ni za aunsi 4 hivi, nyembamba mno ukilinganisha na za ngumi. Kabla ya pambano lolote apimwe macho, virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kwa kuwa damu itamwagika. Mwaka mzima wa mkeka kabla ya pambano la kwanza si mwingi.

Mapromota wana jibu lao: ushujaa. Huko Iringa humtaja Mkwawa kila wanapotaka kujaza ukumbi. Laiti wangesoma historia. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Mkwawa hakukurupuka. Majeshi yake yalijificha, yakausubiri msafara wa Zelewski uingie mtegoni. Ule ulikuwa ushindi wa maandalizi.

Wengine humtaja Hassan Mwakinyo, aliyeitwa kwa kushtukiza Septemba 2018 akamwangusha Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya 2. Wanasahau kwamba alikwishapigana mapambano zaidi ya kumi ya kulipwa. Taarifa ilikuwa fupi. Maandalizi yalikuwa ya miaka. Hata Francis Ngannou, mchimba mchanga wa Cameroon, hakutoka machimboni moja kwa moja hadi kwenye taji. Alianza mwaka 2013 Paris, akapokewa katika jimu ya kocha Fernand Lopez, na ubingwa wa UFC akaupata Machi 2021.

Sasa nawageukia ninyi watumishi wa umma mnaonisoma. Nimekiona kibali cha pambano lile. Kina mhuri, kina jina la ukumbi, kina saa ya kuzima muziki. Neno "daktari" halimo. Tangu 1967 tuna sheria ya Baraza la Michezo la Taifa na vyama vya michezo husajiliwa. Kwa nini basi anayesaini karatasi kama ile asidai jina la tabibu, vyeti vya vipimo na gari la wagonjwa mlangoni? Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji afisa mmoja kukataa kusaini Ijumaa jioni, huku promota amekaa mbele yake akitabasamu.

Kijana wangu yuko likizo kwao Iringa. Nimemkabidhi kwa mzee mmoja, askari mstaafu, anayefundisha mieleka na ngumi kwenye uwanja wa nyumba yake, juu ya magodoro yaliyoshonwa pamoja. Siku ya kwanza kijana aliuliza atapigana lini.

"Kwanza lete barua ya hospitali, mwanangu," mzee alimwambia. "Halafu utaanguka mpaka nikuambie basi."

Barua bado haijatoka. Promota amepiga simu tena mara mbili.