Jeshi ambalo Madero hakulivunja

Mei 1911 wapiganaji wa Pascual Orozco na Pancho Villa waliuteka mji wa Ciudad Juárez, na baada ya wiki chache Porfirio Díaz, aliyekuwa ameitawala Meksiko kwa miongo mitatu, akapanda meli kwenda Ulaya. Kiongozi wa mapinduzi, Francisco Madero, akaridhia jambo linalobishaniwa mpaka leo: washindi warudi makwao, na jeshi lililoshindwa libaki.

Watetezi wake husema alihofia nchi kuangukia mikononi mwa magenge yenye bunduki. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini jeshi lenyewe lilikuwa la namna gani? Askari wengi walikuwa wamekamatwa kwa nguvu, kwa utaratibu ulioitwa leva: wafungwa, wazururaji, maskini wa vijijini. Maofisa walichelea kuwatawanya porini wasije wakatoroka. Chakula chao kilitegemea wanawake walioandamana nao, masoldadera, maana jeshi halikuwa na jiko la maana. Askari wa hivyo humtii ofisa kwa woga, na ofisa naye alimtii aliyempa cheo, yaani Díaz. Katiba haikuwamo.

Huko katika jimbo la Morelos, wakulima wa Emiliano Zapata, waliopigana upande wa mapinduzi, walitakiwa kusalimisha silaha kabla hawajarudishiwa ardhi. Rais wa mpito aliyeshika nafasi ya Díaz akamtuma Jenerali Victoriano Huerta awabane. Februari 1913 Huerta huyohuyo akampindua Madero, ambaye sasa alikuwa rais, na siku chache baadaye Madero akauawa.

Venustiano Carranza, aliyeongoza mapambano dhidi ya Huerta, hakurudia kosa hilo. Agosti 1914, kwa mapatano ya Teoloyucan, jeshi la zamani likavunjwa. Naona alifanya sawa, japo gharama ilikuwa kubwa. Majenerali wa mapinduzi waligeuka wababe: Álvaro Obregón, aliyemshinda Villa huko Celaya mwaka 1915 kwa mahandaki, seng'enge na bunduki za rashasha, alimwasi Carranza mwaka 1920. Maasi mengine yakafuata mwaka 1923 na 1929, na kila aliyeshinda uchaguzi wa urais kuanzia 1920 hadi 1940 alikuwa jenerali.

Wanaomtetea Madero hushika hapo. Wanasahau kwamba mwaka 1923, sehemu kubwa ya jeshi ilipoasi, Obregón, ambaye sasa alikuwa rais, aliokolewa kwa kiasi fulani na wakulima wenye silaha waliokuwa wamepewa ardhi. Madero alikuwa na wakulima wa namna hiyo mwaka 1911, akawataka waweke bunduki chini huku ardhi yao ikisubiri.