Utajiri wa Bogoria hauna jina kwa Kiswahili

Katika vitabu vya biolojia vya ulimwengu mzima limo neno la Kiswahili ambalo wasomaji wengi wa safu hii hulitamka jikoni. Neno lenyewe ni magadi. Mnamo 1984 wanasayansi walieleza kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho waliyempata katika Ziwa Magadi, wakalitia neno hilo mkia wa Kilatini. Leo kiumbe huyo anaitwa Natrialba magadii. Mwaka 1997 likafuata jina la mwenzake wa Ziwa Bogoria, Bogoriella caseilytica. Ajabu ni kwamba sisi tuliowakopesha watu majina hatuna namna ya kuwazungumzia viumbe hawa kwa lugha yetu. Tunalo neno kijidudu tu, na kijidudu kwa sikio la Mkenya ni kipindupindu, ni homa ya matumbo, ni kitu cha kuoshwa kwa sabuni.

Hebu tutazame wanakoishi. Maji ya Bogoria hayana samaki. Yamejaa magadi hata kipimo chake cha pH hufikia 10, ilhali cha maji safi huwa karibu na 7, na kila hatua moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Kandokando ya ziwa zipo chemchemi zinazotokota, ambamo wageni huchemsha mayai. Mtu angedhani hapo hapana uhai. Kumbe uhai umefurika: heroe wale wanaopamba kadi za posta hulishwa hasa na vijiumbe vya jamii ya spirulina, na hata rangi yao ya waridi hutokana na mlo huo. Isitoshe, wengi wa viumbe hawa hawavumilii tu mazingira hayo, bali wanayahitaji. Mtie Natrialba magadii katika maji matamu, atapasuka na kufa.

Wenye viwanda waliielewa siri hii mapema. Sabuni ya unga ina ukali wa magadi, na vimeng'enya vya kawaida huharibika ndani yake. Kimeng'enya cha kijiumbe kilichozoea magadi hubaki kikifanya kazi. Kimojawapo hula nyuzi za juu za pamba, suruali ya jinzi ikapauka kana kwamba imevaliwa miaka mitano, pasipo kusuguliwa kwa mawe. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza kwamba lingedai sehemu ya faida kutoka kwa Genencor, kampuni ya Marekani, kwa ajili ya vimeng'enya vilivyotokana na sampuli zilizochukuliwa katika maziwa yetu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kampuni hiyo ilishikilia kwamba haikutenda kosa. Sina nia ya kuhukumu kesi hiyo hapa. Ninalolisema ni kwamba mvutano huo ulivuma kwa Kiingereza na ukafifia kwa Kiingereza, na mama anayefua Kibera hakupata kujua kwamba ziwa la kwao limetajwa katika habari za sabuni.

Wamarekani wenyewe waliwahi kupigwa na butwaa. Katika chemchemi za moto za hifadhi ya Yellowstone, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria waliyemwita Thermus aquaticus, na wakachapisha habari zake mwaka 1969. Kimeng'enya chake kisichoharibiwa na joto ndicho kilichowezesha DNA kunakiliwa mara mamilioni kwa muda mfupi. Mbinu hiyo ilimpa Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na ndiyo iliyotumiwa sana kupima korona kuanzia mwaka 2020. Haki za mbinu hiyo ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Hifadhi yenyewe haikupata hata senti.

Kenya haikulala. Tulitunga kanuni za kugawana manufaa mwaka 2006. Mwaka 2007 KWS ikatia saini mkataba na Novozymes ya Denmark. Katiba ya 2010, katika ibara ya 69, ikaiagiza Serikali kulinda rasilimali za kijenetiki. Lakini nani amesoma kanuni hizo? Jamii ya Waendorois iliondolewa kando ya Bogoria katika miaka ya sabini ili kupisha hifadhi, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ukatangazwa kwamba haki zao zilikiukwa. Leo inatarajiwa kwamba watu hao waridhie utafiti wa kitu ambacho wakielezwa kwa maneno tuliyo nayo, watasikia kwamba wageni wamekuja kuchota magonjwa!

Nina pendekezo, nalo ni la mtu wa isimu. Neno vijiumbe lishike viumbe wote wa aina hii, na viini vya maradhi liachiwe wale wachache wanaotudhuru. Hawa wa Bogoria na Magadi wasiitwe sugu, kwa kuwa neno hilo limekwisha kushikwa na wale wanaoshinda dawa hospitalini. Kiswahili kinaturuhusu kuunganisha kitenzi na nomino: tuseme vijiumbe vipendamagadi, vipendajoto, vipendachumvi. Mtoto wa darasa la sita ataelewa bila kufafanuliwa, na ataelewa sawasawa, maana kupenda ndiko hasa wanakofanya.

Hatuna muda mrefu wa kubishana. Maji ya Bogoria yamepanda sana tangu miaka ya 2010, yakazifunika baadhi ya chemchemi zilizokuwa zikitoa mvuke ufuoni. Wizara ichapishe kwa Kiswahili, lugha rasmi kwa mujibu wa ibara ya 7, kila kibali cha utafiti kilichokwisha kutolewa katika maziwa ya magadi: jina la mtafiti, kilichochotwa, kilikopelekwa, na malipo yaliyokubaliwa. Na kabla ya kibali kinachofuata, mkutano ufanyike Loboi, si Nairobi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya Waendorois.